Kifuniko cha Soda

Kifuniko kimoja kwa ndoo, alisema muuza dawa pale Mkuti.
Nikatia viwili,
maana kuku walikuwa mia na deni la vikoba halilali.
Hawakuwa wagonjwa. Niliwahi tu,
kama mtu anayepiga kufuli kabla mwizi hajazaliwa.

Samadi yao nikaimwaga bustanini,
mchicha ukasimama kama umeitwa jina.
Mvua ya Machi ikashusha yaliyobaki
hadi kisimani kwa Bi Somoe, tunakochota sote.

Na homa ikiingia nyumbani,
rangi mbili tulimeza tatu, mwili ukapoa, basi.
Zilizosalia nikazifunga kwenye pindo la kanga.
Akiba haiozi.

Jembe lilimpata Nassibu mguuni, palepale kwenye mchicha.
Leo siku ya kumi na tisa.
Sindano za Masasi hazikumjibu, tukashushwa Ligula.
Wameotesha usaha wake kwenye kisahani,
wakapanga juu yake vijikaratasi saba vya dawa, vidogo kama vifungo.
Hokororo wa maabara ananionyesha kwa ncha ya kalamu:
dawa ikiweza, huzungukwa na duara tupu,
kama uwanja uliofagiliwa.

Naangalia. Vimelea vimejaa hadi ukingoni mwa karatasi,
vimekaa kama wenyeji.
Mmoja tu ndio wenye uwanja, mwembamba.

"Hiyo ipo?"
"Tumeagiza."

Nimekaa kwenye benchi, nafungua fundo la kanga.
Nne. Nyekundu na nyeusi, bado zinang'aa.
Kweli, hazijaoza.
Mguu ndio.