Maji ya Moto

Waliosema walisema: maji ya moto hayachomi nyumba.
Kweli. Ila uso wangu si nyumba,
na Winipegi, mwezi wa kwanza, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nikitoka zamu ya usiku kiwanda cha mikate,
kope zimeganda, pua siisikii,
nilikuwa naingia bafuni kama mtu anayekimbilia kwao,
nafungua bomba hadi mwisho,
nauinamisha uso mvukeni,
nausugua.
Kwa dodoki. Kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia mashuka,
kwa kuwa marehemu baba alinifunza:
ngozi isipolia haijatakata.
Ikalia kwii, kama sahani.
Nikafurahi.

Kisha wembe. Mkavu. Kwenda juu, kinyume cha ndevu,
wembe ule ule tangu Idi,
halafu spiriti ya manukato, paa!
machozi,
nami najiambia huo ndio uanaume.

Kufikia Februari nilikuwa na shingo ya kuku aliyenyonyolewa
na mashavu yenye magamba, meupe;
mtoto wa jirani akauliza kama nimemwagikiwa unga.
Nikasema ndiyo. Kazi yangu ni unga.

Usiku mmoja, Mwanamvua amelala,
nikafungua kabati lake la kioo.
Chupa saba. Sikusoma hata moja.
Nikapiga hesabu: ikiwa moja humfaa yeye kwa mwezi,
saba zitanifaa mimi kwa usiku.
Tindikali ya matunda juu ya tindikali ya maziwa,
juu yake vitamini, juu yake kitu chenye rangi ya chai.
Uso umeumbwa na haya, husemwa;
wangu asubuhi ile uliumbwa na haya na malengelenge.
Mwanamvua hakucheka.
Alisubiri nigeuke, ndipo mabega yake yakatikisika.

Bi Oleksiuk wa duka la dawa
alinitazama kama anayekagua noti ya bandia.
"Unatumia nini?"
Nikataja. Kwa kila nilichotaja akakunja kidole,
vidole vikaisha.
"Acha."
"Niache kipi?"
"Vyote."

Nilikwenda kutafuta dawa, nikapewa kuacha.

Maji ya uvuguvugu, mkono mtupu.
Taulo ubonyeze, usifute.
Mafuta uyapake ngozi ingali na unyevu,
maana mafuta hayaleti maji,
yanafunga mlango tu, yaliyomo yasitoroke.
Ndevu zilowe kwanza; wembe mpya, ufuate zinakolalia.
Ukitaka kitu kigeni, kiwe kimoja,
na ukionje nyuma ya sikio siku tatu
kama mchuzi wa mtu usiyemjua.
"Na jua," akasema.
Nikacheka. Jua gani, mama, hili la kuchora?
Akanielekeza dirishani. Theluji ilikuwa inang'aa
hata nikafumba macho.
"Linakupiga toka juu, kisha toka chini.
Rangi yako ni mwavuli, sawa. Lakini mwavuli mdogo."

Siku ya tisa, hakuna kitu. Nikataka kumrudishia kopo lake.
Siku ya kumi nikatumbua kipele kimoja, kwa siri;
alama yake ninayo mpaka leo.
Siku ya kumi na nne Mwanamvua akapitisha kidole chini ya taya,
akanyamaza, akashuka.
"Na shingo je? Atakupakia jirani?"

Nimemfikiria sana baba.
Yeye hakuwa na bomba la moto. Maji yake yalitoka pipani,
na sabuni ile ililia juu ya ngozi
yenye jasho la kutosha, katika hewa iliyojaa maji.
Hakukosea.
Mimi ndiye niliyeusafirisha ushauri wake
bila kuuvalisha koti.

Sasa bombani pana nukta nyekundu,
rangi ya kucha ya Mwanamvua, katikati kabisa
ya baridi na moto.
Alfajiri mkono hutaka kuivuka.
Siku nyingine huivuka kidogo.
Kisha narudi.