Neno la Pili

Ulianza mtetemo
pale Ganda, kwenye shimo;
kukatoka mkoromo
chini ya kiti cha gari.

Nimepakia mikate
ya hoteli, kreti zote;
gia tatu isipite,
nikakwama, alfajiri.

Mwarandu ndiye fundiye,
miaka kumi ni yeye;
mume wangu, rafikiye,
alimkabidhi gari.

Siku ile ya maziko
alishika jembe huko;
viatuni bado uko
udongo wa makaburi.

Hakufungua boneti,
hakuvuta hata kiti;
alisikiliza, eti,
akaguna tu: "Hatari.

Giaboksi imekufa.
Ndani vyuma vina nyufa.
Ya Dubai, yenye sifa,
laki mbili. U tayari?

Usingoje. Ukingoja,
injini hufa pamoja.
Nusu leo; siku moja
itashuka kwenye lori."

Laki mbili, kwa hesabu,
ni karo ya Mahabubu,
ni unga, kuni, na tabu
ya kulilisha tanuri.

Kuuliza tena, haya;
atasema nina baya.
Malindi ni kama kaya,
haina kuta za siri.

Lakini nikawazia
daktari alotwambia:
"Ini." Nasi tukalia,
bila swali, tukakiri.

Neno moja, la mkato;
tukampa nalo mto,
hatukutafuta pito
la Mombasa, kwa daktari.

Sijui angalipona.
Sijui. Ila naona
kuuliza si khiyana,
wala si kutaka shari.

Nikenda Kisumu Ndogo,
kwa gia moja, kidogo,
nikiburura mzigo,
kwa Nyevu wa betri za gari.

Binti, mikono ya grisi,
kichwani leso nyeusi;
hakuniuliza kesi,
kazama chini ya gari.

Wa bodaboda wacheka:
"Mama, huyo atazika
hilo Proboksi haraka!"
Nyevu kwao ni shubiri.

Alikaa huko chini,
tochi yake mdomoni;
mimi na kreti, juani,
twaiva, tukisubiri.

Akatoka na kiwaya
kimetafunwa, kibaya.
"Panya, mama! Ni kwa haya
makombo ndani ya gari.

Gia haioni njia
waya ukikatikia;
hukoroma na kulia.
Haikufa, yaghairi.

Waya, na mafuta kopo,
elfu mbili, leo, papo.
Ila, mama, ngoja hapo:
breki hizi si za kheri.

Pedi zimekuwa ngozi,
tangu lini, sio juzi;
mteremko, ni machozi.
Nani hukagua gari?"

Jina sikulitamka.
Udongo nikakumbuka,
na jembe alolishika;
nikalipa, kashukuri.

Pedi mpya; tukenda lami,
yeye usukani, mimi
nimejiuma ulimi:
moja, mbili, tatu, shwari.

Mwizi? Siwezi kusema.
Labda macho yamezama,
au alichoka, jama,
akaponzwa na kiburi.

Mazoea yana kutu,
hula chuma, hula watu;
hayaoni tena kitu,
hujibu bila shauri.

Juzi nikapita pake,
ameshika chai yake;
akangoja lizimike.
Halikuzimika gari.

"Limepona?" "Limepona."
Kimya. Tukatazamana.
Hakuniuliza jina,
nikaificha habari.

Nikampa boflo mbili,
moto, za iliki kali;
akapokea kwa hali
ya mtu aliyekiri.

Sasa nafagia kiti,
mtego nyuma ya kreti;
Nyevu ndiye wa boneti,
Mwarandu, wa matairi.

Gia ikipanda tatu,
kandoni hamna mtu,
mdomo unathubutu:
"Twende Mombasa? Tayari?"