Sabuni Isiyozama

Nilikuwa na miaka minane, Kayenze,
nilipoiangusha sabuni ya mama ziwani.
Nusu mche, wa buluu, bado una pembe.
Iliniponyoka kama sato,
ikashuka katikati ya mawe mawili,
nikiiona,
nikiiona,
kisha nikaona rangi yake tu,
kisha maji.

Mama hakunipiga. Alihesabu.
Siku tatu alihesabu kwa sauti:
chumvi ya wiki, kiberiti, kibaba cha dagaa.

Leo niko Mabatini, juu kabisa,
kule bodaboda wanakodai nyongeza.
Mezani nimepanga mafuta ya nazi
yaliyolala kwenye friji ya Nyamizi hadi yakaganda,
na shahamu ya ng'ombe niliyoichuja mara tatu
mpaka ikasahau bucha.
Mzani mdogo ni wa binamu yangu Lutonja,
umezoea vumbi la dhahabu,
leo unapima kostiki.

Kostiki huingia kwenye maji.
Maji hayaingii kwenye kostiki.
Nimeliandika ukutani kwa mkaa,
herufi kubwa, kama jina la mgombea.
Nimevaa glavu, na miwani ya fundi wa kuchomelea
inayoufanya mchana wote uwe jioni.
Maji yakachemka bila moto.
Nikayaacha nje, kivulini, yatulize hasira zake,
nikakaa mlangoni kuyalinda dhidi ya kuku.

Kisha mashine ya keki, ya kuazima.
Mwanzoni mafuta yalikuwa kiporo cha ugali,
yanang'ang'ania pembeni, hayataki.
Napiga. Yakalegea.
Napiga. Yakawa meupe, yakafura,
yakapanda ukingo wa bakuli kama watu wanaochungulia ugomvi.
Sikuwa nimeongeza kitu ila hewa,
na hewa, hata Mabatini, bado haijapangiwa bei.
Nikadondoshea yale maji makali,
kijiko, kisha kijiko,

na Luku ikalia.
Ikalia tena.
Mashine ikakata neno katikati.

Nani wa kumtuma saa hiyo, na simu haina salio?
Nikashika mchapo wa mkono.
Bega likawaka. Kiwiko kikalaani ukoo.
Ila mkono una kumbukumbu zake:
ulirudi kwenye kibuyu cha bibi cha kusukia maziwa,
mwendo uleule, polepole, usio na haraka ya kufika,
na lile povu likakubali kusimama.

"Mama, keki ya nani?"
Ndaki. Kidole kimeshanyooka.
Nilipiga ukelele, mtaa mzima ukajua
kuna kitu kwangu kisicholiwa.

Nikajaza mfuko wa plastiki, nikakata kona,
nikakamua waridi.
La kwanza lilifanana na alichoacha bata.
La pili pia, bata mwingine.
La saba, tuseme, lilikuwa ua,
ukilitazama kwa upendo.

Wiki sita juu ya kabati.
Mengine yalipasuka. Moja lilitoa unga mweupe
nikalitupa bila mazishi.

Jumamosi nikampelekea mama lile la saba.
Akalinusa. Akaligeuza, akatafuta jina la kiwanda.
Nikamwekea beseni la maji. "Liangushe," nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa atupe pesa,
akaliangusha.

Likaelea.

Akalisukuma chini kwa kidole. Likapanda.
Akalishikilia chini muda mrefu,
muda wa chumvi, wa kiberiti, wa kibaba kile cha dagaa,
akaliachia. Likapanda.

Miaka thelathini na moja nimesubiri mama aseme neno.
Akafuta kidole kwenye kanga.

"Ile ilizama, nilijua iko wapi," akasema.
"Hii ukiiachia, utaifuata Ukerewe."

Kisha akavua kanga ya begani,
akaichovya,
akaanza kufua.