Jumanne, Saa Nne na Robo

Kabla skrini haijawaka naosha mikono mara mbili,
mara ya kwanza kwa maji, ya pili kwa woga.
Torquil anavua soksi taratibu, kama mtu anayefungua barua
asiyotaka kuisoma.
Mbwa ameshaijua siku, amelalia kiatu.

Nyumba hii ina mahali pamoja tu penye mtandao:
dirisha la kaskazini, juu ya mikebe mitatu ya biskuti
anazotumiwa na dada yake, na kisukari kimemkataza.
Mkebe wa juu ukitikisika, daktari anageuka vumbi la rangi,
anasema, "Je, una—" anabaki mdomo wazi,
na Torquil humjibu hivyo hivyo: "Ninayo."

Sisi tuko North Uist. Hospitali kubwa iko Inverness.
Katikati pana bahari, pana milima,
pana basi linalokwenda kama linatafuta kitu kilichodondoka.
Mwaka nilioanza kumhudumia tulikwenda. Siku tatu.
Feri, basi, kitanda cha kukodi,
dakika saba mbele ya daktari aliyekitazama kidole
akasema, "Endeleeni hivyo hivyo. Rudini baada ya wiki mbili."
Feri ya kurudi ikafutwa kwa upepo.
Tulipofika, kondoo mmoja alikuwa amezaa peke yake,
mtoto amekufa ubavuni pa ukuta wa mawe.
Torquil hakusema neno.
Wiki mbili zilipotimia akasema kidole kimepona.

Uongo. Alikifunga plasta, akakivisha soksi mbili,
akapanda kilimani.
Mficha maradhi — nilisema kwa Kiswahili, kwa hasira,
nimepiga magoti mbele ya mguu ule —
kifo humuumbua.
"Unasema nini?"
"Nasema unanuka."

Sasa Daktari Eilidh Matheson amekaa Inverness
na kikombe chake chenye ufa,
na mimi huku ndiye mkono wake:
sogeza taa. Weka rula kando ya kidonda.
Gusa kisigino. Taratibu. Pana joto?
Pana joto kidogo, nasema,
kama yai lililotagwa alfajiri.
Anacheka, anaandika. Sijui kama ameandika "yai".
Mzee anatazama dari,
anahesabu kondoo wake kwa Kigaeli.

Milimita kumi na tisa, mwezi wa pili.
Kumi na nne.
Kumi na sita: wiki ile dhoruba ilikata mtandao siku tano,
nikalala na simu kifuani
nikingoja kijistari kimoja kirudi.
Kumi na moja.
Sita.

Sitaki kuwadanganya: skrini haina pua.
Ile harufu ya kwanza niliinusa mimi.
Haimshiki mtu bega, haioni
kwamba jiko limezimwa tangu jana.
Lakini kwetu Muheza kidole kimoja hakivunji chawa,
na hapa vilikuwa vitatu:
changu juu ya rula, cha daktari juu ya kitufe,
na kile chenyewe, kigonjwa, cheusi pembeni,
kilichokubali hatimaye kutazamwa
bila mwenyewe kuwaacha kondoo.

Leo, milimita mbili.
"Basi tuonane mwezi ujao," anasema daktari,
na Torquil, ambaye hajawahi kumshukuru mtu mbele yangu,
anasimama kwa mguu wake mzima na ule unaopona,
anakohoa, anauvuta mkebe wa juu
ili amkaribishe biskuti.

Picha inapasuka. Vumbi la rangi. Mdomo wazi.
"Amekataa?"
"Amekwama."
Anafikiri kidogo.
Anaiweka biskuti mbele ya kioo, katikati kabisa,
kama mtu anayemwekea mgeni aliyechelewa.

Mbwa anaila.