Iguse Kabla Hujaiwasha

Ya kwanza niliikuta ina joto.
Trent alikuwa ameiwasha kabla sijafika,
akaipangusa, akaipaka nta, akaiegesha juani
kama bwana harusi anayesubiri mpiga picha.
Nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini
na kiganja kikaninong'oneza: mbuzi huyu bado yumo guniani.

Miaka kumi na miwili nimeendesha pikipiki za theluji
kule Saskatchewan, ambako ardhi ni meza
na upepo umeikanda theluji hadi ikawa sakafu.
Kwenda moja kwa moja, najua.
Milima siijui.
Hapa Kootenay theluji ni unga uliochekechwa usiku kucha;
ukishuka kwenye kiti unazama hadi kiunoni,
unacheka,
halafu huchekí tena.

Trent akazisifu nguvu za farasi, akausifu mkanda wa nyuma,
inchi mia moja sabini na tano. "Inapanda ukuta hii!"
Sina ukuta wa kupanda, nikamwambia.
Nina mkopo wa nyumba na goti moja zima.

Ya pili ilikuwa kwa Fenya Popoff, ng'ambo ya mto,
nyuma ya stoo ya viazi na mitungi ya kabichi chachu.
Imelala chini ya turubai, baridi
kama sufuria iliyosahauliwa nje.
"Sijaigusa," akasema. "Iamshe mwenyewe."
Nikavuta kamba. Kimya.
Nikavuta. Ikakohoa.
Ya tatu ikanguruma, moshi wa buluu ukatufukuza sote wawili mlangoni.

Ikapoa. Akanipa tochi.
"Usitazame rangi. Rangi haijawahi kumpandisha mtu mlima."
Nikalala chali kwenye saruji, nikahesabu meno ya mkanda:
matatu yamepasuka.
Chuma cha skii ya kushoto kimelika kuliko cha kulia
(kisiki, Machi ya mwaka juzi, na aliyekuwa akiendesha ni mwanawe Walter;
hayo aliyasema kabla sijauliza).
Akang'oa plagi, akapachika kipimo, nikavuta kamba,
mshale ukapanda: mia moja kumi na nane.
Silinda ya pili: mia moja na ishirini.
"Ndugu wanaoelewana," akasema.
Pistoni zilibadilishwa; risiti aliihifadhi
ndani ya bahasha ya mbegu za kiazisukari.

Mkanda, inchi mia moja hamsini na nne.
Mrefu kiasi cha kuelea,
mfupi kiasi cha kugeuka kabla ya mti.

Nikauliza bei. Elfu tano na mia tano.
Nikauliza bei ya mwisho.
Akajibu kwa swali:
"Nani atakuchimbua?"
Nikadhani sikusikia vizuri.
"Mlima ukikufunika. Nani? Na ana sepetu?"

Nina shemeji. Nina jirani.
Nina wanafunzi thelathini na mmoja wa hisabati.
Sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Akapunguza dola mia nne.
"Hizo si zako. Ni ada ya kozi ya maporomoko, wikiendi mbili.
Niletee cheti, nikupe ufunguo wa pili."

Jumamosi ya kwanza juu kule nilijifunza upya kama mtoto:
ukitaka kwenda kushoto, geuza usukani kulia,
simama mguu mmoja, uilaze mashine ubavuni,
na usiachie mafuta hata moyo ukiachia.
Moyo uliachia. Nami nikaachia.
Tukazama, mimi na mtumba wangu, hadi kwenye kioo.

Odile, tuliyefahamiana kwenye kozi,
akatoa sepetu bila kuulizwa.
Tulichimba dakika arobaini, tukila biskuti zilizoganda,
tukibishana kosa lilikuwa wapi.

Cheti kilifika wiki tatu zilizopita.
Kipo kwenye droo, chini ya madaftari ya kusahihisha.
Fenya hupiga simu kila Jumamosi jioni
kuuliza kama kimefika,
na mimi humwambia bado,
ili apige tena.