Ndoana Moja, Mpaka Saa Nne

Usitupe kwanza. Kaa.
Ziwa usilolijua ni nyumba ya wakwe:
unavua viatu mlangoni, unangoja uitwe,
unatazama watoto wa nyumba wanakanyaga wapi
na wapi hawakanyagi.

Hivyo nilimwambia Zahoro, mtoto wa dada yangu,
kule juu ya Kuriyati, serikali ilikoziba bonde
na maji yakasimama kati ya milima mikavu
kama mgeni aliyekosea njia, akaona haya kurudi.
Mlinzi, Mbalushi mwenye ndevu za hina,
alituruhusu ndoana moja, mpaka saa nne, basi.

Mimi nimezaliwa Rumonge. Tanganyika naijua kwa pua:
usiku wa dagaa, alfajiri ya migebuka,
rangi ya maji kabla kuhe hajapanda.
Miaka arobaini na mitatu niko Omani nakula jodari,
na mkono wangu bado unadai maji yasiyo na chumvi.
Lakini elimu ya ziwa moja
ni ufunguo wa mlango mmoja.

Zahoro alikuja na mashine ya betri,
inayolia ikiona samaki.
Ililia. Ikalia tena. Ikalia kama mtoto wa jirani.
"Mjomba, wamejaa!"
Nikamwambia, hiyo haijui kupambanua
kilicho hai na kilichosimama tu.

Nikatazama. Upepo unasukumia wapi vijiti,
mapovu, manyoya ya njiwa.
Kereng'ende wanagusa wapi.
Kivuli cha jabali kinafika wapi saa hii, na saa ijayo.
Nikaonja: ladha ya jiwe.
Nikazamisha mkono hadi kiwiko: juu vuguvugu, chini baridi.
Bado sikujua kitu.
Ziwa lenyewe changa, halina hata methali moja.

Ndipo akaja Bi Zayana na mbuzi tisa,
barakoa usoni, redio ndogo shingoni.
Akauliza, kwa Kiarabu cha milimani,
tunatafuta nini shambani kwake.

Shambani?

Akanyoosha fimbo majini.
Pale falaji inapinda. Pale zizi.
Pale kisima cha kaka yangu, maji yake mazito kidogo.
Na pale (fimbo ikatulia) mkunazi wangu,
una bembea, wamebembea watoto sita.
Alisema yote kwa wakati uliopo,
kama anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Basi nikatupa kwenye mkunazi.
Samaki hupenda penye matawi;
hilo angalau nililibeba kutoka Rumonge likafika zima.
Perege wa kwanza saa mbili, kiganja na nusu.
Wa pili akafuata. Wa tatu mdogo, tukamrudisha kwao.
Kisha mshipi ukakaza.
"Kubwa hilo!" akasema Zahoro.
Nikajua si samaki. Samaki ana hasira;
hiki kilikuwa na subira.

Nikatoa kisu.
"Usikate," akasema Bi Zayana.
Akalaza fimbo chini, akashika mshipi kwa vidole viwili
kama daktari anavyoshika mshipa,
akavuta kidogo.
Huko chini kitu kikainama, kikarudi.
Akavuta tena. Mbuzi walishatangulia, hakuwaita.
"Laini bado," akasema. "Tawi la upande wa jikoni."

Zahoro akazima mashine bila kuambiwa.

Mlinzi alipiga filimbi saa nne kamili,
akapiga tena, akaja mwenyewe akitweta,
akaona, akakaa juu ya jiwe akafuta jasho.
Mimi nikakata mshipi huku juu, karibu na mkono wangu,
nikaifunga ncha kwenye jabali la ukingoni,
fundo la Rumonge, lisilofunguka kwa maji.
Ruhusa ilikuwa ya ndoana moja.
Ndoana moja iko huko.

Perege wawili nikampa yeye.
Akachukua mmoja.