Mkono wa Mwizi, Mkono wa Mama

Bi Syombua hataki maneno mengi.
"Toa hilo neno la siri," ananiambia, "linanichosha.
Wateja wako mlangoni, mikono yangu imeshika dawa ya kikohozi,
na hii mashine kila dakika inaniuliza mimi ni nani,
kana kwamba si mimi niliyeinunua Luthuli
kwa pesa ya chama."

Nimekalia kreti ya soda nyuma ya kaunta.
Kayole, saa kumi na mbili jioni.
Nje mtu anakaanga mihogo, ndani stima inapepesa.
Kwenye ukingo wa kioo, kikaratasi cha manjano:
Syombua1974.
Hata mtoto aliyetumwa panadoli anakisoma
akisubiri chenji.

Nafungua mipangilio.
Swichi ndogo ndogo, kushoto au kulia,
na kila moja inaniuliza swali lile lile:
nani asumbuke?
Ukuta wa mtandao umezimwa. "Printa ilikuwa inagoma."
Masasisho yameahirishwa tangu Machi. "Yanakula bando."
Na kila anayeketi hapa ni msimamizi mkuu:
Makena wa zamu ya jioni,
mpwa wake anayekuja kucheza gemu,
hata mimi, niliyefika nusu saa iliyopita.

Namfungulia faili moja. Sisemi kitu.
Majina, nambari za simu, na dawa ya kila mmoja,
zikiwemo zile ambazo mtu huzifuata
duka likikaribia kufungwa,
kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.
Anatazama. Anaacha kufunga pakiti.
"Lakini foleni," anasema, sasa kwa sauti ya chini.

Foleni, naam. Siidharau foleni.
Kuna ofisi moja Baba Dogo niliyoilazimisha
herufi ishirini, zibadilishwe kila mwezi.
Wiki ya pili nikakuta wameyaandika yote
katika daftari moja,
na daftari wamelining'iniza mlangoni kwa uzi
lisipotee.

Na kuna jambo ambalo simwambii.
Tulipoishi Pipeline, ghorofa ya kwanza,
wezi walikuwa wakivua funguo dirishani
kwa fimbo yenye ndoano.
Baba akatia grili, akatia kufuli, akatia kufuli ya pili,
ufunguo akaufukia ndani ya mkebe wa unga.
Usiku jiko la jirani liliposhika moto
tulisimama sote ndani ya usalama wetu, tukikohoa,
mama akimwaga unga sakafuni, akipapasa.

Tulitoka. Wote.
Lakini tangu siku ile kila kufuli naipima mara mbili:
mkono wa mwizi unafika wapi,
na mkono wa mama, gizani, unafika wapi.

Basi nafanya kazi kama fundi cherehani,
nabana hapa, naachia pale.
Kioo kijifunge baada ya dakika tano, si moja.
Nambari fupi ya kufungulia, tarakimu sita, zisizo mwaka wa kuzaliwa.
Makena apate mlango wake,
mpwa apate wake, usiofika popote.
Ukuta nauwasha, natoboa tundu la printa tu.
Masasisho yaje saa tisa usiku,
wakati bando ni rahisi na Kayole imelala,
kama Kayole huwa inalala.

"Nikiisahau?"
"Utanipigia."
"Na ukiwa umekufa?"
Nacheka. Hacheki.
Namwandikia msimbo wa dharura nyuma ya risiti,
anaukunja mara nne, anautia kwenye sidiria,
panapokaa noti za elfu.
Kile kikaratasi cha manjano anakibandua mwenyewe,
anakichana vipande vidogo kuliko nilivyotarajia.

Kisha anavuta kibodi, ananitazama.
"Geuka," anasema.

Nageuka. Nasoma makopo ya maziwa ya watoto,
miezi sita hadi kumi na miwili, koroga vizuri.
Nyuma yangu kidole kinagonga mara sita,
polepole.
Kwenye foleni analalamika mtu mmoja tu.